Maswali ya Wasomaji: Viini Vyepesi Visivyoweza Kuzishika Nyutroni Zake

Katika toleo lililopita tulieleza habari za lithiamu-11, kiini chenye protoni tatu na nyutroni nane, ambacho nyutroni zake mbili za mwisho huzagaa mbali sana na nyingine. Barua zilizofuata hazikuuliza sana juu ya lithiamu-11. Zimeuliza juu ya jirani yake, lithiamu-10, yenye protoni tatu na nyutroni saba, ambayo tuliitaja kwa sentensi moja tu tukisema kwamba haishikamani. Barua zilizofanana tumeziunganisha, na zilizokuwa ndefu tumezifupisha bila kugusa kiini cha swali.

Swali: Ndugu Mhariri, mliandika kwamba lithiamu-10 haishikamani, kisha mkaendelea kuizungumzia kana kwamba ipo. Kitu kisichoshikamana kinawezaje kuwa na ngazi za nishati, na hata kupewa jina? (Mwalimu wa fizikia, shule ya sekondari)

Jibu: Ndugu Mwalimu, malalamiko yako ni ya haki, na njia ya kuyajibu ni kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa, yaani kutokuwa imara na kutoshikamana. Lithiamu-11 si imara: ndani ya milisekunde zisizofika tisa, nusu ya viini vyake huwa vimekwisha kugeuka kuwa viini vingine kwa uozo wa beta, yaani nyutroni kugeuka kuwa protoni na kutoa elektroni. Hata hivyo inashikamana, kwa maana kwamba nyutroni zake mbili za nje haziwezi kuondoka mpaka zipewe nishati. Nishati hiyo ni ndogo mno, yapata elektronivolti 369,000 kwa nyutroni zote mbili, ilhali katika viini vilivyozoeleka nyutroni moja peke yake huhitaji elektronivolti milioni kadhaa. Lakini udogo wake hauondoi ukweli kwamba inahitajika. Kwa lithiamu-10 haihitajiki kabisa. Tungamo ya lithiamu-9 ikijumlishwa na tungamo ya nyutroni moja iliyo huru ni ndogo kuliko tungamo ya lithiamu-10, na kwa hiyo nyutroni ya saba haisubiri msaada wowote ili itoke. Inatoka yenyewe, na kani inayoamua mwendo wake ni kani kali ya nyuklia, ambayo haina subira ya ile kani dhaifu inayosababisha uozo wa beta.

Je, kitu cha namna hiyo kina haki ya kuitwa kiini? Tuchukue heliamu-7, yenye protoni mbili na nyutroni tano, kwa kuwa hesabu yake ni safi zaidi. Kabla ya hapo tukubaliane kwamba MeV ni elektronivolti milioni moja, na kwamba kizingiti ni ile nishati ambayo kuanzia hapo nyutroni iko huru kuondoka. Hali ya chini kabisa ya heliamu-7 iko juu ya kizingiti cha heliamu-6 na nyutroni moja kwa yapata MeV 0.4, na kilele chake katika vipimo kina upana wa karibu MeV 0.15. Kanuni ya Heisenberg inaufunga upana huo na muda wa kuishi: ukigawanya 6.6 × 10⁻²², ambayo ni thamani ya namba isiyobadilika ya kanuni hiyo katika MeV na sekunde, kwa 0.15, unapata sekunde 4.4 × 10⁻²¹. Muda huo hauna maana yoyote kwa saa ya binadamu. Lakini kwa nyutroni iliyo ndani ya kiini, ambayo kasi yake inakaribia robo ya kasi ya mwanga, ni muda wa kuvuka kiini kutoka ukingo hadi ukingo mara makumi kadhaa. Nyutroni hiyo imepata nafasi ya kufika mpakani, kurudishwa, na kujipanga katika ngazi yenye nishati na momenta ya mzunguko inayojulikana, kabla haijapenya na kwenda zake.

Hicho ndicho kipimo ambacho safu hii inakiona kuwa cha busara. Kiini ambacho nyutroni yake inatoka kwa muda uleule ambao ingeutumia kupita tu, bila hata kurudi nyuma mara moja, hakina muundo wa kuzungumziwa, hata kama mtu amechora kilele kwenye grafu yake. Kati ya hali hizo mbili hakuna mpaka mkali, na hatuoni faida ya kuubuni.

Swali: Ikiwa kiini kinaishi kwa muda huo, basi hata kikienda kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga hakiwezi kuvuka upana wa atomi moja. Sasa vigunduzi vinaona nini? (Fundi wa vifaa vya maabara)

Jibu: Hesabu yako ni sahihi, heliamu-7 haimalizi hata sehemu moja ya mia ya upana wa atomi. Vigunduzi havikioni kiini chenyewe, bali huona vipande vyake, na kutokana na vipande hivyo wataalamu hurudi nyuma kwa hesabu. Kila kipande hupimwa kasi na mwelekeo. Nishati na momenta za vipande vyote zikijumlishwa kwa kanuni za Einstein hutoa tungamo ya kile kilichovunjika, bila kujali kilikuwa kikienda kwa kasi gani. Ukitoa tungamo za vipande, kinachobaki ni nishati ya kuvunjika, yaani kimo cha hali ile juu ya kizingiti.

Tuutazame kwa karibu uchunguzi wa oksijeni-28, uliofanyika katika kituo cha RIKEN nchini Japani na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2023. Viini vya kalsiamu-48 vilipigishwa kwenye shabaha vikavunjikavunjika, na kutoka katika vipande hivyo sumaku zilichuja florini-29, yenye protoni tisa na nyutroni 20, ikiwa inakwenda kwa karibu asilimia 60 ya kasi ya mwanga. Florini hiyo iliingia katika shabaha nene ya hidrojeni ya kimiminika, ambamo baadhi ya viini vilipokonywa protoni moja tu. Kilichobaki kilikuwa oksijeni-28, ambayo papo hapo ilitema nyutroni nne na kuacha oksijeni-24. Sumaku kubwa iliipinda njia ya oksijeni-24 kwa sababu ina chaji. Nyutroni, ambazo hazina chaji, ziliendelea mbele ndani ya koni nyembamba ya nyuzi chache, mpaka kwenye safu za nguzo za plastiki maalumu. Nyutroni haionekani mpaka igonge protoni ndani ya plastiki hiyo. Protoni iliyogongwa huifanya plastiki itoe mmeto wa mwanga, na muda uliopita tangu mgongano kwenye shabaha hadi mmeto huo ndio unaotoa kasi ya nyutroni.

Kazi ngumu iko hapo. Nyutroni moja inaweza kugonga nguzo, ikaruka, ikagonga nguzo ya pili, na kuandikwa kama nyutroni mbili. Kwa anayetafuta nyutroni nne zilizotoka katika tukio moja, udanganyifu huo ni tatizo kubwa sawa na uhaba wa matukio yenyewe, na sehemu kubwa ya uchambuzi huishia katika kuamua ni mmeto gani wa kuaminiwa. Katika uchunguzi huo, kigunduzi cha NEBULA kilichokuwepo RIKEN kiliongezewa nguvu na sehemu ya kigunduzi cha NeuLAND iliyotoka katika maabara ya GSI ya Ujerumani, kwa kuwa uwezekano wa kuziona nyutroni nne kwa pamoja huporomoka haraka mno pale uwezekano wa kuiona nyutroni moja unapopungua hata kidogo.

Namba zilizopatikana zinapendeza kwa jinsi zinavyojieleza zikipangwa pamoja. Ukipima kuanzia kizingiti cha oksijeni-24 na nyutroni zilizo huru, oksijeni-25 iko juu kwa MeV 0.75, oksijeni-26 kwa MeV 0.018 tu, oksijeni-27 kwa MeV 1.09, na oksijeni-28 kwa MeV 0.46. Oksijeni-28 haiwezi kutoa nyutroni moja ikatua katika oksijeni-27, kwa sababu ingelazimika kupanda. Oksijeni-26 nayo haiwezi kupitia oksijeni-25, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo nyutroni hutoka mbilimbili: mbili za kwanza zinaiacha oksijeni-26, na mbili nyingine zinaiacha oksijeni-24. Ile tabia ya nyutroni kupendelea kuwa jozi, ambayo katika viini imara huonekana kama tofauti ndogo ya nishati, hapa ndiyo inayoamua njia nzima ya uozo.

Niongeze jambo moja ambalo mara nyingi huwashangaza wanaoanza. Kadiri hali inavyokaribia kizingiti ndivyo kipimo chake kinavyokuwa sahihi zaidi, kwa sababu vipande vinapoachana polepole, kosa dogo katika kupima kasi huleta kosa dogo zaidi katika nishati. Ndiyo sababu iliwezekana kuiweka oksijeni-26 mahali pake kwa usahihi wa elektronivolti elfu chache, jambo ambalo lisingewezekana kabisa kwa hali iliyo juu kwa MeV tatu au nne.

Swali: Nimesoma kwamba nyutroni ya mwisho ya lithiamu-10 iko katika "hali isiyo halisi" ya aina ya s, na kwamba juu yake kuna resonansi ya aina ya p. Vitabu vyetu vinasema nyutroni ya saba inapaswa kuwa katika ngazi ya p. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa tatu)

Jibu: Vitabu vyako viko sahihi kwa viini vilivyo karibu na uimara, na mgogoro unaanza pale tunapotoka huko. Katika mpangilio wa kawaida, nyutroni mbili za kwanza hujaza ngazi ya kwanza ya s (isiyo na momenta ya mzunguko), nne zinazofuata hujaza ngazi ya p (iliyo nayo) yenye spini ya 3/2, na ya saba huingia katika ngazi ya p yenye spini ya 1/2. Ngazi ya pili ya s iko mbali juu, ng'ambo ya pengo ambalo ndilo linaloifanya nane kuwa mojawapo ya namba za ajabu, yaani idadi za protoni au nyutroni zinazokifanya kiini kishikamane imara kuliko jirani zake. Kaboni-13, yenye nyutroni saba, inatii utaratibu huo: hali yake ya chini ni ya p, na ya s iko juu yake kwa MeV 3.09. Sasa ondoa protoni mbili bila kugusa nyutroni. Umepata beriliamu-11, na humo mpangilio umepinduka. Ya chini ni s, na p iko juu yake kwa MeV 0.32. Igal Talmi na Issachar Unna waliueleza mpinduko huo mwaka 1960, kwa kufuatilia jinsi tofauti ya ngazi hizo mbili inavyopungua kutoka kaboni-13 kupitia boroni-12 hadi beriliamu-11. Ondoa protoni moja zaidi, nawe umefika lithiamu-10.

Sababu kubwa ni mbili, nazo husaidiana. Ya kwanza ni kwamba mvuto kati ya protoni zilizo katika ngazi ya p ya 3/2 na nyutroni iliyo katika p ya 1/2 ni mkubwa kuliko mvuto wa protoni hizohizo kwa nyutroni ya s. Kila protoni inayoondolewa huiacha ngazi ya p ikipanda haraka kuliko ya s. Ya pili inatokana na momenta ya mzunguko. Nyutroni ya p ina momenta hiyo, na momenta hiyo hujenga kizuizi kwenye ukingo wa kiini, kinacholibana wimbi lake lisisambae. Nyutroni ya s haina kizuizi chochote. Inapokaribia kizingiti, wimbi lake hutanuka nje ya kiini, na kwa kutanuka linapunguza nishati ya mwendo, hivyo ngazi yake huchelewa kupanda wakati nyingine zote zinapanda.

Ukosefu huohuo wa kizuizi ndio unaozaa hali isiyo halisi uliyoisoma. Ili kuwe na resonansi, yaani hali inayodumu kidogo kabla ya kuvunjika, lazima kuwe na kitu cha kuichelewesha nyutroni. Kwa ngazi ya p, kizuizi kinafanya kazi hiyo, na matokeo yake katika lithiamu-10 ni kilele kinachoonekana karibu na nusu MeV juu ya kizingiti. Kwa ngazi ya s, nyutroni ikishakuwa juu ya kizingiti haina kinachoizuia, na kwa hiyo hakuna kilele cha kweli wala upana wa kugeuzwa kuwa muda. Kilichopo ni mvuto uliokaribia kutosha kuifunga nyutroni na haukufika. Mvuto huo hujionesha kama matukio yaliyorundikana karibu na sifuri ya nishati, na hupimwa kwa urefu wa mtawanyo, ambao kwa hali kama hii ni namba hasi ambayo ukubwa wake huongezeka kadiri hali inavyokaribia kushikamana. Kwa nyutroni mbili zilizo peke yake urefu huo ni karibu femtomita −19 (femtomita moja ni mita 10⁻¹⁵). Kwa lithiamu-9 na nyutroni moja, chambuzi nyingi hutoa kati ya femtomita −20 na −30, ilhali nusu kipenyo cha lithiamu-9 yenyewe hakifiki femtomita 2.5. Yaani nyutroni inaiona lithiamu-9 kana kwamba ni kitu kikubwa mara kumi ya ukubwa wake.

Hapa ndipo ningependa uwe mwangalifu unaposoma makala za utafiti. Rundo la matukio karibu na sifuri hubeba habari za mambo mawili kwa pamoja: mvuto wa mwisho kati ya nyutroni na kiini, na umbo la wimbi ambalo nyutroni ilikuwa nalo kabla ya mgongano. Ukiivunja lithiamu-11, ambayo nyutroni zake zimekwisha kusambaa, sehemu ya s hujitokeza kwa nguvu. Ukiipa lithiamu-9 nyutroni kutoka katika deuteroni (kiini chenye protoni moja na nyutroni moja), kinachoonekana zaidi ni kilele cha p. Majaribio hayo mawili hayapingani. Yanauliza maswali tofauti kwa kitu kilekile, na anayelinganisha michoro yao bila kuhesabu mmenyuko wenyewe atajikuta akibishana na kivuli. Zaidi ya hayo, lithiamu-9 ina spini yake, 3/2, kwa sababu ya protoni moja isiyo na mwenzi, na spini hiyo ikiungana na ya nyutroni kila ngazi hugawanyika mara mbili. Kwa hiyo katika eneo la MeV moja tu tunatarajia hali nne, na karibu zote zina upana unaozifanya zipandiane.

Beriliamu-13 ni ngumu zaidi. Ina nundu pana karibu na nusu MeV ambayo makundi mbalimbali ya watafiti yameitafsiri kwa njia tofauti, na pana mtego wa ziada: nyutroni inaweza kutoka na kuiacha beriliamu-12 ikiwa imesisimka kwa MeV 2.1. Asiyepima mionzi ya gama inayofuata ataihesabu hali iliyo juu kana kwamba iko chini, na atachora kilele ambacho hakipo.

Yote haya yanarudi kwa lithiamu-11. Lithiamu-9 na nyutroni moja havishikamani, nyutroni mbili peke yake hazishikamani, lakini vitatu kwa pamoja vinashikamana. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu; hapa hata mawili hayainjiki. Mwaka 1985 Isao Tanihata na wenzake, wakifanya kazi huko Berkeley, Marekani, waligundua kwamba lithiamu-11 ni kubwa isivyo kawaida ikilinganishwa na isotopu nyingine za lithiamu (viini vyenye protoni zilezile lakini nyutroni za idadi tofauti), na mwaka 1987 P. G. Hansen na Björn Jonson wakaeleza kwamba ukubwa huo unatokana na nyutroni mbili zilizoshikwa kwa ulegevu, ambazo leo tunaziita halo. Sasa tunajua kwamba karibu nusu ya muundo wa nyutroni hizo ni wa aina ya s. Kama lithiamu-10 ingefuata utaratibu wa vitabu, yaani ngazi ya s ikiwa MeV kadhaa juu, halo hiyo isingekuwa na upana ilio nao. Hakuna anayeweza kuihesabu lithiamu-11 vizuri bila kuijua kwanza lithiamu-10.

Swali: Oksijeni-28 ina protoni nane na nyutroni 20, na heliamu-10 ina protoni mbili na nyutroni nane. Hizo zote ni namba za ajabu. Kwa nini basi hazishikamani? (Msomaji wa muda mrefu)

Jibu: Kwa sababu namba za ajabu si sheria za kudumu. Ni mapengo kati ya ngazi, na ngazi, kama tulivyoona, husogea protoni zinapopungua. Heliamu-10 inalipata pengo la nane likiwa limekwisha kudhoofika, na kiini chake cha ndani, heliamu-8, kimekwisha kubeba nyutroni nne za ziada zilizoshikwa kwa ulegevu.

Oksijeni ina kisa chake. Isotopu yake ya mwisho inayoshikamana ni oksijeni-24, yenye nyutroni 16, na majaribio yameonesha kwamba hiyo ndiyo inayotenda kama kiini cha ajabu maradufu, yaani chenye namba za ajabu kwa protoni na kwa nyutroni pia, si oksijeni-28. Ongeza protoni moja tu upate florini, na isotopu zinazoshikamana zinaendelea hadi florini-31, yenye nyutroni 22. Protoni moja imefungua nafasi ya nyutroni sita. Mwaka 2010 Takaharu Otsuka na wenzake walionesha kwamba hesabu zinazotumia kani kati ya chembe mbilimbili tu huifanya oksijeni ishikamane kupita kiasi, na kwamba zikiongezwa kani za chembe tatu kwa wakati mmoja, nyutroni za ziada husukumana na mpaka wa kushikamana hukaa kwenye oksijeni-24. Ile oksijeni-26, iliyoukosa mpaka kwa MeV 0.018, ndiyo inayozijaribu hesabu hizo vikali kuliko kiini chochote kinachoshikamana, kwa sababu kosa la hata sehemu moja ya kumi ya MeV huihamishia upande wa pili.

Swali: Je, kunaweza kuwa na kiini cha nyutroni tupu? Na nyota za nyutroni je? (Mwanafunzi wa kidato cha tano)

Jibu: Nyutroni mbili hazishikamani, ingawa zinakosa kidogo sana, kama urefu wao wa mtawanyo unavyoonesha. Kwa nyutroni nne, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022, uliofanyika pia RIKEN, uliipiga heliamu-8 kwa protoni kwa namna ya kuing'oa chembe ya alfa (protoni mbili na nyutroni mbili) kutoka ndani na kuziacha nyutroni nne zilizobaki zikiwa karibu hazijaguswa. Kilele kilionekana kwenye MeV 2.37, chenye upana wa MeV 1.75. Gawanya kama tulivyofanya kwa heliamu-7 na utapata chini ya sekunde 4 × 10⁻²², yaani muda unaokaribia ule wa kupita tu. Baadaye wananadharia walionesha kwamba kilele cha umbo hilo kinaweza kutokea bila resonansi yoyote, kutokana na jinsi nyutroni zilivyokuwa zimejipanga wawiliwawili ndani ya heliamu-8 na mvuto wao wakati wa kutoka. Sisi tungesema kwamba mfumo wa nyutroni nne umepimwa. Kwamba ni kiini, bado hatujashawishika. Nyota za nyutroni, ambazo uliziuliza pia, ni suala jingine, kwa kuwa hizo hushikwa na graviti.

Swali: Nimezifuatilia habari hizi kwa hamu, lakini viini vinavyoishi kwa muda huo vimewahi kuathiri chochote nje ya maabara? (Msomaji)

Jibu: Vimeathiri sana, ingawa mifano iliyo wazi zaidi haina nyutroni nyingi kupita kiasi. Hakuna kiini imara chenye jumla ya chembe tano wala nane. Heliamu-5 na lithiamu-5 hazishikamani, na beriliamu-8 huvunjika kuwa chembe mbili za alfa. Katika dakika za mwanzo za ulimwengu mapengo hayo mawili yalizuia ujenzi wa elementi kuendelea, hivyo mlipuko mkuu ukaacha hidrojeni, heliamu, na chembechembe za lithiamu, bila kaboni ya kuhesabika.

Lakini beriliamu-8 inakosa kushikamana kwa MeV 0.092 tu, na kwa kuwa chembe za alfa zina chaji na hulazimika kupenya kizuizi cha umeme ili ziachane, inaishi kwa karibu sekunde 10⁻¹⁶, muda mrefu mara elfu kumi na zaidi kuliko heliamu-7. Ndani ya nyota iliyozeeka, yenye joto na msongamano mkubwa, kiasi kidogo cha beriliamu-8 huwepo wakati wote kwa sababu huundwa upya kila inapovunjika, na mara mojamoja chembe ya tatu ya alfa huikuta kabla haijaachana. Hapo kaboni-12 huundwa katika hali yake iliyosisimka kwa MeV 7.65, ambayo nayo iko juu kidogo ya kizingiti cha alfa tatu. Mara nyingi sana kaboni hiyo huvunjika tena kuwa alfa. Takribani mara nne katika kila elfu kumi hutoa mionzi na kushuka hadi hali imara, na kaboni iliyomo katika nyota na sayari imekusanyika kwa mara hizo chache.